Maximilla Asekenye, Mpishi wa Ajon wa Chakol

Wafiwa, wazee wetu, majirani wa hapa Chakol na ninyi mliotoka Uganda alfajiri mkavuka mpaka, tunawasalimu.

Mama Maximilla Asekenye alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 huko Tiira, Uganda, binti wa marehemu mzee Omaido. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Tiira hadi darasa la sita. Darasani alikuwa mzuri, lakini maswali yake aliyapeleka jikoni kwa bibi yake. Kwa nini unga wa wimbi ufukiwe shimoni, kisha ufukuliwe na kukaangwa? "Uliza kwa mkono," bibi alimjibu, akampa mwiko.

Mwaka 1971 aliolewa na mzee Stefano Imalingat wa Chakol, wakajaliwa Loice, Clifford na Marion. Mzee alitangulia mwaka 2009.

Kwa zaidi ya miaka arobaini Mama alipika ajon, pombe yetu ya wimbi, ile ya chungu kimoja katikati na mirija mirefu pande zote. Watu walitoka Malaba na hata Tororo kuifuata. Kwake hukupuliza ndani ya mrija wala kuushika kwa mkono wa kushoto, hata ungekuwa chifu. "Wewe, hiyo si chai! Usipulize!" Aliyerudia alinyang'anywa mrija, akaletewa maji ya kunywa.

Kilichomnyima usingizi ni nani atakayeshika mwiko baada yake. Loice ameokoka, pombe haigusi mdomo wake. Clifford na Marion wako mbali. Aliyejitokeza, mwaka 2021, ni Chrispinus Bwire, mume wa Loice, alipoacha kuendesha trela. Hapo sasa! Kwa mila yetu, mkwe na mama mkwe hawanywi chungu kimoja, hawakaribiani, hawaitani kwa majina. Utamfundishaje mtu kuonja pombe usiyoweza kuonja naye?

Mama alipata njia. Chrispinus alipika nyuma ya ghala, pombe ikagawanywa vyungu viwili, na Loice akasimama katikati kupeleka maneno. Mara ya kwanza wimbi liliungua likawa jeusi.

"Loice, mwambie mkwe wangu huku tunakaanga wimbi, hatuchomi makaa."

Chrispinus alikuwa hatua chache tu, amesikia kila neno. Hata hivyo alingoja Loice amalize kurudia, ndipo akajibu, "Mwambie mama nimesikia, na pole."

Jirani yetu mama Akiteng alicheka hadi akaketi chini. "Loice, mshahara wa simu unalipwa na nani?"

Hivyo ndivyo walivyokwenda, msimu baada ya msimu. Mara kimea hakikutosha, mara maji yalikuwa ya moto mno. Kila mara Mama aliacha mrija na kusema, "Mwambie, bado."

Agosti 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Alivumilia matibabu bila manung'uniko, lakini kufikia Desemba hata uji ulimshinda. Siku ya Krismasi aliomba chungu cha Chrispinus kiletwe mlangoni. Akavuta funda moja, akalishikilia mdomoni muda mrefu kabla ya kulimeza kwa shida. Nyuma ya ghala, Chrispinus alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mwambie..." Mama alianza. Kisha akainua sauti ile iliyobaki:

"Bwire! Imeiva!"

Loice, kwa mazoea, akageuka kurudia, akakuta mumewe analia. Mzee mmoja wa ukoo alipokemea kuhusu jina kutajwa, Mama alitabasamu. "Mimi nakwenda, mzee. Adhabu yangu mnitumie huko."

Alilala usingizi wa mwisho nyumbani kwake, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, mkono wake mkononi mwa Loice.

Ameacha watoto watatu, wajukuu tisa, dada yake Apio wa Tiira, na mkwe wake Chrispinus Bwire, ambaye ndiye aliyepika ajon ya leo.

Mwenyezi Mungu ampokee, naye apumzike kwa amani.