Kumuaga Daktari Aliyetaka Kuliona Gauni

Mheshimiwa Waziri wa Afya, mgeni wetu wa heshima. Mwenyekiti wa Bodi ya Fidia za Chanjo. Madaktari, mawakili na wauguzi. Ndugu zangu tulioleta madai, mliopewa na mlionyimwa. Nawe Mama Daktari unayestaafu leo, shikamoo. Wengine wote, habari za mchana?

Mimi ni fundi cherehani. Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya wadai, na walionipa kipaza sauti wamejitakia wenyewe.

Baada ya kuchanjwa, bega langu la kushoto liligoma. Kufunga kitambaa kichwani, siwezi. Kuongoza nguo chini ya sindano, siwezi. Wateja wakaanza kuhamia kwa jirani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ndugu zangu. Fundi asiye na mkono mnadhani anakula nini? Nikafungua madai. Wakili wa Bodi, yule pale anayejificha nyuma ya maua, akasimama na faili langu akasema, "Huyu mama ameinamia cherehani miaka yote. Bega limechoka na kazi." Nilitamani nimshone mdomo! Cheka tu, wakili, tulishapatana.

Mama Daktari, aliyekuwa akisikiliza madai yangu, hakucheka. Aliniuliza, "Mdogo wangu, siku ile ulivaa nini?" Nikadhani ananitania. Watu tumekuja na picha za eksirei, yeye anauliza nguo! Akasema, "Kailete."

Nikaleta gauni langu la kutokea, mikono ya kubana mpaka chini ya kiwiko, nimelishona mwenyewe kwa maringo yangu. Akaniambia nilivae. Kisha akamwita muuguzi aliyenichoma, binti wa watu, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, tuonyeshe ulivyofanya. Hapa hatujaja kumfukuza mtu." Binti akajaribu kupandisha mkono wa gauni, wapi! Siku ile foleni ilikuwa ndefu, na pazia la kuvulia nguo hakuna. Basi akashika shingo ya gauni, akaivuta pembeni mpaka bega likachungulia, akaweka kidole: hapa. Juu kabisa, kwenye maungio, badala ya kwenye nyama ya mkono. Dawa haikuwa na kosa. Sindano ndiyo iliyoingia pasipo pake.

Nililia, jamani. Fidia nilikuwa hata siifikirii; nililia kwa sababu nimeaminiwa.

Leo kila kituo cha chanjo kina pazia, na binti yule ndiye anayewafundisha wenzake. Na msinielewe vibaya: wajukuu zangu wote nimewapeleka mwenyewe kuchanjwa, nikawashonea mikono mipana. Tena Mama huyu si wa kugawa fidia kama pipi. Amewanyima wengi, lakini aliwatazama usoni akawaambia, "Ugonjwa huu haukutoka kwenye chanjo," akaeleza sababu mpaka mtu akaelewa, hata kama aliondoka analia. Nani kati yenu angependa kunyimwa na karatasi?

Sasa, Mheshimiwa, nakuja kwako. Tumesikia kwamba Mama akiondoka, chumba cha kusikilizia madai kitafungwa, na kila kitu kitaamuliwa kwa mafaili, eti kuokoa muda. Mafaili! Langu lilisema bega limechoka na kazi. Muuza maziwa yuko safu ya nyuma pale, mguu wake umekufa ganzi, na yeye mwenyewe hajui kama ni chanjo au ni jambo jingine. Zamu yake ni wiki ijayo. Atamuuliza nani?

Mama, nenda kapumzike, haki umeitenda. Maneno yangu yamekwisha, ila sikai. Mheshimiwa, chumba kinafungwa au hakifungwi?

Unatikisa kichwa, nakuona, lakini kipaza sauti hakisikii kichwa. Shika, baba, sema.

Hakifungwi! Mmemsikia kwa masikio yenu. Muuza maziwa, wiki ijayo uje, utasikilizwa. Haya, sasa nakaa. Asanteni kwa kunisikiliza, nawe Mheshimiwa, asante kwa kunijibu.