Zilpah Kingi, Mwalimu wa Hesabu Aliyeishi Kuze (1911–1949)

Wazee wetu, ndugu na majirani, mimi ni Crispus, mdogo wake marehemu. Shemeji yangu Nicanor ameniomba niwasomee maisha ya dada yangu kwa sababu yeye mwenyewe hataweza.

Zilpah alizaliwa Rabai tarehe 3 Machi 1911, mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu, fundi seremala Kingi Chirau, na mama yetu Mejumaa, ambaye tunaye hapa. Mwaka 1922 baba alipata kazi ya useremala Kilindini, nasi sote tukahamia kisiwani.

Alisoma shule ya misheni Rabai, kisha shule ya wasichana hapa Mombasa. Hesabu alianza kuzipenda kabla hajajua kushona kifungo. Jumapili moja mama alimfinya kanisani kwa sababu alikuwa akitabasamu mahubiri yakiendelea. Walipotoka nje akaulizwa alikuwa akicheka nini. Akasema, "Nyimbo za leo, mama. Kumi na saba, hamsini na tatu, mia na moja. Hakuna hata moja inayogawanyika." Mama hakumwelewa, lakini hakumfinya tena. Alipofika kumi na sita, mwalimu wake alimwambia baba kwamba hesabu alizokuwa nazo yeye mwalimu zimemwishia, na kwamba juu ya hapo hakukuwa na shule ya kumpeleka msichana.

Basi akawa mwalimu. Alifundisha wasichana wadogo tangu 1930 hadi alipougua, na wengi wao nawaona hapa na watoto wao. Mwaka 1933 alipanga chumba cha juu katika nyumba ya Bi Hajrabai, mjane wa mtaa wa Kuze, akakaa humo miaka kumi na mmoja. Bi Hajrabai hakuwa na binti. Alimlazimisha kula, akamruhusu kuandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo, naye akakataza mlango huo usipakwe rangi.

Miaka ile dada yangu alikuwa mpweke. Nalisema hili wazi kwa sababu wengi walidhani anaringa. Wachumba walikuja, wakakaribishwa chai, wakaondoka. Siku moja aliniambia, "Crispus, mimi napenda watu. Lakini nikianza kusema ninachokifikiria, naona macho yao yanahamia mlangoni. Basi nanyamaza, na nikinyamaza wanasema nina maringo."

Alichokuwa akikifikiria nitakieleza kama alivyonieleza mimi. Kuna namba zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Chukua kumi na tatu. Ni mbili mara mbili, ukiongeza tatu mara tatu. Ishirini na tisa ni mbili mara mbili, ukiongeza tano mara tano. Lakini saba haikubali kuundwa hivyo, wala kumi na tisa. Zilpah aligundua kwamba, ukiiacha mbili yenyewe, zile zinazokubali ni zile ambazo ukizigawanya kwa nne hubaki moja. Kuligundua hilo hakukumchukua muda. Kujua kwa nini ni lazima iwe hivyo daima kulimchukua miaka saba, naye akafika.

Wakati huo alikuwa amekwisha kujuana na Nicanor Mwadime, mtu wa Taita, karani wa telegrafu katika stesheni ya reli. Walikutana katika kwaya mwaka 1941. Nicanor alipomposa mara ya kwanza, walikuwa wakitembea kutoka Ngomeni kuelekea Kizingo. Zilpah alimkatalia. Alisema, "Nitakuchosha, Nicanor. Wote huchoka." Nicanor akamwomba amweleze ile hesabu. Akamweleza mpaka wakamaliza ukuta wote wa jela ile ya Ngomeni. Kisha Nicanor akasema, "Sikuelewa. Rudi pale nilipopotea, uanzie hapo." Zilpah aliniambia baadaye kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo.

Mwaka 1943 alihamia mjini Bwana Usman, mpwa wa Bi Hajrabai, mwalimu aliyesomea hesabu Bombay na kufundisha Unguja. Alikuja kumwamkia shangazi yake akauona mlango wa stoo. Akasimama mbele yake hata chai ikapoa.

"Nani amekufundisha haya?" akamwuliza Zilpah.

"Hakuna. Nimeyatafuta mwenyewe."

Bwana Usman akamwambia kweli. "Dada yangu, hili limekwisha kuthibitishwa. Huko Ulaya, yapata miaka mia mbili sasa."

Bi Hajrabai alimkemea mpwa wake. "Usman, ungengoja basi anywe chai."

Zilpah alikaa kwenye ngazi. Bi Hajrabai alidhani atalia, akaenda kumletea maji. Aliporudi akamkuta amesimama tena mlangoni, akimwuliza Bwana Usman yule mtu aliyethibitisha alipita njia gani. Jioni ile alikuja nyumbani kwetu kwa miguu. Nilipomwuliza kama hakuumia, akasema, "Miaka yote hii nilidhani mimi nina kasoro. Kumbe wako watu." Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Alifunga ndoa na Nicanor Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 1944, wakahamia nyumba za reli Makupa. Hawakujaliwa mtoto. Waliishi kwa mapenzi, na jirani zao wa Makupa wanajua kwamba taa yao ilikuwa ikizimwa ya mwisho, maana Nicanor hakuacha kuuliza.

Bwana Usman alimwandikia mwalimu wake wa Bombay habari za Zilpah. Maswali yakaletwa, Zilpah akayajibu, na mwaka 1947 chuo cha huko kikakubali kumpokea kwa miaka miwili ingawa hakuwa na vyeti. Ndugu za Nicanor walishuka kutoka Taita kupinga. Mke wa mtu avuke bahari peke yake? Nicanor aliwakaribisha vizuri, akawaandalia chakula, kisha akawajibu, "Nilipomwoa nilijua anachokipenda. Nikimzuia leo, mtu niliyemwoa atakuwa ameondoka hata akibaki hapa." Walilala wakaondoka asubuhi, wakiwa wameacha mchango wao wa nauli.

Januari 1948 alikwenda kupimwa kwa ajili ya safari. Daktari akakuta kifua kikuu. Meli iliondoka bila yeye. Alilia siku ile, na kesho yake pia, na Nicanor alilia pamoja naye. Halafu akaomba aletewe ubao.

Alilazwa mwaka mmoja na zaidi. Kila Ijumaa baada ya sala Bwana Usman alikaa barazani, nje ya dirisha la wodi, nao wakashughulikia swali jipya ambalo, kwa maneno yake Bwana Usman, hakuna mtu aliyelijibu mpaka leo. Muuguzi Jacinta alimkataza kusema sana. Zilpah akamwambia, "Sista, nikinyamaza ndipo ninapougua." Tangu siku hiyo Jacinta alimwachia nusu saa, na mara nyingi akajifanya hakuiona saa.

Alhamisi, tarehe 9 Juni 1949, asubuhi, Nicanor alikuwa kando ya kitanda chake. Zilpah alimwuliza, "Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mkate wa kumimina. Bi Hajrabai ametuma."

"Vizuri," akasema. Akafumba macho, na hakuamka tena. Swali lile walilifikisha mbali, lakini hawakulimaliza. Bwana Usman ameniambia ataendelea nalo, na likijibika, jina la Zilpah litatajwa kwanza.

Ameacha mume wake, Nicanor Mwadime. Mama yake, Mejumaa. Mimi mdogo wake pamoja na mke wangu. Na wanafunzi wengi. Juzi kulikuwa na mazungumzo nyumbani kama inafaa kutaja kanisani majina ya watu wasio wa kanisa hili. Mama yetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Aliyemlisha mwanangu miaka kumi na mmoja, mnataka nimwite jirani?" Kwa hiyo nataja kwamba marehemu ameacha pia mama yake wa Kuze, Bi Hajrabai, na ndugu yake, Usman. Wamekaa safu ya mbele, karibu na mama.

Mwenyezi Mungu ampe dada yetu Zilpah mapumziko mema.