Kicheko Namba Nne

MWANDISHI: Haloo? Ni nani?

DADA: Mimi.

MWANDISHI: Dada? Hii namba ya nani?

DADA: Ya jirani, fundi cherehani. Yangu shemeji yako kaifungia kabatini.

MWANDISHI: Kabatini? Kwa nini— haya, shikamoo kwanza.

DADA: Uko kazini?

MWANDISHI: Nimekuamkia, dada.

DADA: Nimesikia. Uko kazini?

MWANDISHI: Niko kazini, nimetoka ngazi za nyuma, huku kwenye ndoo za usafi. Ndani hakuna mtandao. Mbona unanong'ona?

DADA: Yuko bafuni. Ana dakika zake kumi, na fundi kanionya kuwa salio lenyewe ni la kuungaunga. Kwa hiyo usinizungushe. Nina swali moja.

MWANDISHI: Watoto wazima?

DADA: Wazima. Alhamisi ulicheka?

MWANDISHI: Nilicheka wapi?

DADA: Kwenye kipindi chenu. Yule mke alipofungiwa nje na povu kichwani. Ulicheka.

MWANDISHI: Dada, mimi ni mwandishi, sionekani kwenye—

DADA: Sijasema nimekuona. Nimekusikia. Wanacheka wengi, halafu wewe unapanda juu yao. Unavuta pumzi kama mtu aliyepaliwa na maji, halafu unaachia. Nimelala kitanda kimoja na kicheko hicho miaka kumi na mbili. Usiniambie si wewe.

[mtandao unakwaruza]

MWANDISHI: —nisikilize. Unanisikia?

DADA: Nakusikia.

MWANDISHI: Ni mimi, lakini sikucheka pale.

DADA: Ni wewe lakini si wewe.

MWANDISHI: Kile kicheko ni cha mwezi wa tatu. Mpiga kamera alikalia kiti kibovu, akaenda chini na kikombe chake cha chai mkononi. Nikacheka mpaka machozi. Fundi sauti alikuwa amewasha mashine, akakihifadhi. Vicheko vyote vya kile kipindi viko hivyo, dada. Hakuna watazamaji ukumbini. Kuna fundi mmoja na kompyuta yake, na vicheko ameviwekea namba. Changu ni namba nne.

DADA: Namba nne.

MWANDISHI: Cha mwanamke ni hicho kimoja tu. Chumba cha waandishi tuko sita, wanaume watano na mimi. Pakitokea kichekesho kinachomdhalilisha mke, mkuu wetu ameagiza, tangu Alhamisi, iwekwe namba nne. Wanawake majumbani wasikie mwenzao anacheka, wasikasirike.

DADA: Na wewe ukalijua hilo, ukakaa kimya.

MWANDISHI: Nimelijua Ijumaa. Alhamisi nilikisikia hewani kama wewe, nikadhani nachanganyikiwa. Asubuhi nikamfuata fundi, akaniambia yote, tena kwa kunisifu. Eti kicheko changu kinaokoa vipindi. Nilitamani nimtandike na spika zake.

DADA: Ukamtandika?

MWANDISHI: Hapana.

DADA: Kwa hiyo wamekuibia kicheko.

MWANDISHI: Wameniibia, ndiyo.

DADA: Na povu? Povu nalo waliliiba? Nakuuliza. Mashine ya fundi ilisikia habari za povu? Yale maneno niliyasema jikoni kwako, mlango umefungwa. Hata mama sikumwambia.

MWANDISHI: Niliandika mimi.

DADA: Ehee.

MWANDISHI: Lakini siyo ulichokiona. Niliandika mke kafungiwa nje, ana taulo na povu, sawa. Mume yuko ndani anangoja agongewe, aombwe radhi. Mke hagongi. Anavuka uani, anasuuza nywele kwa jirani, anaazimwa gauni, anaenda zake. Mume anangoja mpaka chakula kinaungua jikoni. Mwisho anafungua mlango mwenyewe, anakuta hakuna mtu. Wa kuchekwa alikuwa yeye. Niliandika kwa ajili yako, dada. Nilitaka kila mwenye televisheni amcheke.

DADA: Mimi niligonga.

MWANDISHI: Najua.

DADA: Niligonga mpaka povu likanikaukia kichwani. Majirani wakafungua madirisha, wakafunga. Kwa hiyo hata wewe hukunitaka. Ulitaka mwanamke mwingine.

MWANDISHI: Sivyo hivyo—

DADA: Halafu hao wenzako wakamrudisha anayegonga. Wakampigisha magoti. Wakamwimbisha radhi kwenye tundu la kitasa. Mimi sikuimba.

MWANDISHI: Walipiga kura. Watano kwa mmoja. Wakasema mke akiondoka kipindi kimekwisha, wiki ijayo tutaandika nini. Nimebishana nao kutwa nzima, dada, nimesimama pale ubaoni sauti imenikauka. Wakaniita Mama Haichekeshi. Mkuu akaniambia nina jazba, nitoke nikanywe maji.

DADA: Ukaenda?

MWANDISHI: Wapi?

DADA: Kunywa maji.

MWANDISHI: Nikaenda.

DADA: Na walipomaliza kuandika ulikuwa bado unakunywa.

MWANDISHI: Usinifanyie hivyo.

DADA: Ngoja nikusimulie ya huku. Alhamisi tumekaa wote. Shemeji yako na sahani yake magotini, watoto sakafuni. Mke akafungiwa. Mimi nikaganda. Na yeye akaganda, sikufichi kitu, nilimwona. Aliweka sahani chini. Hakunitazama. Masikio yalimwiva. Nikasema moyoni, ameona aibu. Miaka tisa, ndiyo kwanza leo ameona aibu. Nilikaribia kumhurumia.

MWANDISHI: Dada.

DADA: Halafu ukacheka. Akanigeukia. Akasema, "Umesikia? Hata mdogo wako anacheka." Akachukua sahani yake, akaendelea kula.

MWANDISHI: Mungu wangu.

DADA: Mwache Mungu apumzike. Naongea na wewe.

MWANDISHI: Nitamuua. Wallahi nitawaua wote, naanza na fundi, namalizia na huyo—

DADA: Punguza sauti, simu ya fundi cherehani inasikika mpaka barabarani.

MWANDISHI: Wamekaa wanaume watano kwenye viti vya ofisini, wanazunguka nusu mduara, wananiambia mimi mwanamke anapofungiwa nje anasikiaje. Mmoja hajawahi hata kujifulia soksi. Halafu wanachukua sauti yangu, yangu mimi, wanaibandika pale kama muhuri. Ningejua ningekaa mwezi wa tatu wote nimefunga mdomo.

DADA: Ungejua.

MWANDISHI: Mkono unaendeleaje?

DADA: Nilishakwambia nilianguka.

MWANDISHI: Sikukuuliza kama ulianguka.

DADA: Unaendelea.

[mtandao unakwaruza]

MWANDISHI: —na leo je? Tulipanga leo, Jumatatu, watoto wakimaliza mtihani. Chumba chenu nimekipanga. Godoro la watoto nimeshaliweka. Saa ngapi unakuja?

DADA: Nimefungua mizigo.

MWANDISHI: Umefungua?

DADA: Ile mikoba miwili ya chini ya kitanda. Nilifungua Alhamisi hiyohiyo, nikarudisha nguo kabatini, nikakunja moja moja.

MWANDISHI: Kwa nini, dada?

DADA: Niende kwa nani? Kwa anayenicheka?

MWANDISHI: Nimekueleza—

DADA: Umeeleza vizuri. Kazi yako kupanga maneno.

[upande wa Dada, kicheko cha mwanamke, mara tatu]

MWANDISHI: Nani huyo? Kuna mtu hapo?

DADA: Wewe.

MWANDISHI: Nini?

DADA: Ni simu yake, iko kwenye chaji mezani. Kwenye marudio ya Jumamosi alikaa tayari, akakirekodi kicheko chako, akakifanya mlio wa simu. Kila akipigiwa unacheka wewe. Yule mtoto mdogo anaikimbilia, anasema mama mdogo huyo.

[kicheko tena]

MWANDISHI: Izime.

DADA: Nikiizima ataniuliza kwa nini.

MWANDISHI: Dada, izime, nakuomba, itumbukize kwenye ndoo. Siwezi kuisikia.

DADA: Mimi naisikia tangu juzi.

MWANDISHI: Yuko bafu la uani? Ameshajipaka sabuni?

DADA: Nasikia kopo linagonga ndoo. Ndiyo.

MWANDISHI: Mfungie nje. Sasa hivi. Tia komeo.

DADA: Hiyo ni ya televisheni, mdogo wangu. Huku mlango una bawaba mbili, na moja imelegea. Na nyuma ya mlango ni mimi na watoto.

MWANDISHI: Basi mimi naacha kazi. Leo leo. Naingia pale na— subiri. Abee? Niko hapa, mkuu. Niko kwenye simu. Ni ya nyumbani... Nimesema dakika moja.

DADA: Nani?

MWANDISHI: Mkuu wetu. Ananiita studio.

DADA: Kuandika?

MWANDISHI: Siyo kuandika.

DADA: Kufanya nini?

MWANDISHI: Kucheka.

DADA: Rudia.

MWANDISHI: Namba nne wakiirudiarudia, watu wataigundua. Wanataka vingine. Kimoja kirefu, kimoja cha kuziba mdomo, kimoja kama mtu amefumaniwa. Alhamisi ilitazamwa kuliko zote za mwaka huu, mkuu amefurahi, anasema na mimi nina mchango wangu. Mchango wangu, umesikia? Fundi ameshatega kipaza sauti. Ndiyo nilikuwa nakwenda kuwaambia wachekeshe mama zao. Namtupia mkuu kitambulisho changu mezani, nachukua mkoba—

DADA: Halafu?

MWANDISHI: Halafu basi. Wabaki watano.

DADA: Halafu mimi nakula nini?

MWANDISHI: Wewe?

DADA: Mimi na watoto wawili. Nikija kwako leo tunakula nini? Hasira zako?

MWANDISHI: Unakuja?

DADA: Nimekuuliza swali.

MWANDISHI: Dada, unakuja?

DADA: Anatoka saa nane kwenda zamu. Saa tisa niko mlangoni kwako. Na sijakusamehe, sikia vizuri. Usinikumbatie. Usinililie. Usinieleze habari za kura. Nataka godoro, na ufunguo wangu mwenyewe, usiwe wa kuazima.

MWANDISHI: Ufunguo upo. Nimeshauchonga.

DADA: Na wewe uwe na kazi.

MWANDISHI: Unajua unachoniambia? Watakibandika kwa mke mwingine. Wiki ijayo, na wiki ya pili yake. Huko majumbani kuna mume ataweka sahani chini, halafu atanisikia mimi, aichukue tena.

DADA: Najua kuliko wewe.

MWANDISHI: Sasa?

DADA: Mimi niligonga ule mlango kwa sababu watoto walikuwa ndani. Ulidhani sikuwa na haya? Sikujua njia ya kwa jirani? Nilisimama na taulo, nikagonga, nikasema samahani mume wangu, na kila dirisha lilinisikia. Wewe unashindwa kucheka?

MWANDISHI: Siwezi, dada.

DADA: Utaweza. Nusu mwaka, mwaka, mpaka nipate pangu. Siku hiyo uwachome wote, nitakushikia kiberiti. Kopo limenyamaza. Anatoka.

MWANDISHI: Dada, ngoja—

DADA: Saa tisa. Nenda kacheke. Na usi—

MWANDISHI: Haloo? Nisifanye nini? Dada? Haloo?

[simu imekatika]

MWANDISHI: Salio limekwisha, mkuu... Hapana, nyumbani wazima. Nakuja. Mwambie fundi awashe.