Mzee Bomba na Maua ya Mitufaha

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mzee Bomba, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akiwa kitinda mimba wa watoto watano. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, na mwaka 1969 akaajiriwa kwenye shamba la mitufaha, alikojifunza kwamba ua likifunguka siku za joto, mvua ikanyesha, ugonjwa huingia humo humo, na tawi hukauka kama limeunguzwa na moto.

Alifunga ndoa tarehe 11 Septemba 1976, baada ya kuahirisha arusi ya Aprili mara mbili, kwa sababu miti ilikuwa inachanua, jambo ambalo wakwe hawakulisahau. Walijaliwa watoto watatu, na kifungua mimba alipozaliwa, tarehe 19 Aprili 1979, baba yake alifika wodini saa tisa alasiri, bomba la kupulizia miti dawa likiwa bado mgongoni. Mkewe alimuuliza, "Hivi wewe umenioa mimi au umeoa miti?" naye akajibu, "Mama, ugonjwa haungoji mtu ajifungue."

Mwaka 2019 alianza kuugua moyo, daktari akamkataza kubeba mzigo, naye akaitikia kwa adabu zote, kisha akafanya alivyotaka. Tarehe 24 Aprili mwaka huu wa 2024, maua yakiwa wazi na mvua ikitarajiwa kesho yake, mkewe alificha viatu vyake vya shamba, lakini marehemu akatoka na kandambili, akapulizia dawa safu zote kumi na nne za mitufaha yake mwenyewe, akarudi, akasema, "Nimemaliza," akaanguka mlangoni. Alilazwa wiki tatu, akafariki tarehe 16 Mei, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono huku akimgombeza.

Miti yake yote ni mizima.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliomvumilia mgonjwa aliyeuliza zaidi habari za mvua kuliko za dawa, wafanyakazi wenzake, na majirani, ambao miaka yote walimwambia anajisumbua bure, na ambao leo matawi yao yamekauka. Mjane ameagiza isemwe hapa, mbele ya jeneza: majirani, mkitoka makaburini, yakateni matawi hayo leo hii, dhiraa nzima chini ya palipokauka, na msumeno muuoshe kwa spiriti kila mkatapo, maana yeye hana nguvu za kugombana nanyi kila mwaka.

Mzee Bomba, mvua imekwisha pita. Sasa pumzika, baba, pumzika kwa amani.