Mama Mto na Goti la Fundi Vigae

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo hapa hospitalini anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa. Wagonjwa na wafanyakazi tunamwita Mama Mto, jina alilolipata vitani.

Vita vyenyewe vilikuwa dhidi ya neno moja: uzee. Bega likiuma, uzee. Kiwiko kikivimba, uzee. Mgonjwa apewe vidonge aende zake. Mama Mto aliukataa uvivu huo. Alimweleza kila aliyeingia chumbani kwake kwamba kwenye viungo kuna vifuko vidogo vya majimaji vinavyopunguza msuguano, na kwamba kifuko kikigandamizwa kila siku huvimba na kuuma. Kikiwa chekundu na cha moto, alimkimbiza mgonjwa kwa daktari bila mjadala, maana huenda kimeingia vijidudu. Vinginevyo alitaka mapumziko, barafu, mazoezi, na jibu la swali lake: kazini unaegemea nini?

Fundi vigae mmoja alifika na goti lililojaa kama chungwa. Alishaambiwa aache ufundi, naye hakujua kazi nyingine. Mama Mto alimpumzisha, akamshonea mito ya magoti kwa sponji ya benchi letu la kusubiria. Mhasibu ana kinyongo hadi leo. Goti likapona. Mwezi haujaisha, likavimba tena.

Akamfuata kazini, ghorofa ya tatu, akamkuta amepiga magoti kwenye zege tupu. Mito ameitandika chini ya vigae visipasuke. Fundi alijitetea kwa upole: mama, kigae kikivunjika msimamizi anafoka, goti likivimba hafoki mtu.

Basi akafoka yeye. Msimamizi, baba mzima, alirudi nyuma hadi akakanyaga ndoo ya saruji. Wiki iliyofuata kila fundi pale alikuwa na mito yake. Huo ndio utabibu: kumtibu mtu na kuikemea kazi inayomuumiza. Anayeuita uchokozi aje tubishane.

Fundi hakuacha ufundi. Sakafu ya chumba chetu kipya cha mazoezi ameiweka yeye, na magoti yake ni mazima. Ijumaa Mama Mto atatoka akipita juu ya sakafu hiyo.

Asante, mama yetu. Mumeo ametunong'oneza kwamba sasa ni wewe na bustani ya maua. Nenda ukaishi kwa raha, na ukipiga magoti huko, mto uuweke chini ya magoti yako, si chini ya miche.