Vigingi Vilivyopigwa Juu ya Viazi Vyetu

Mgeni rasmi, Bwana Keith Lindqvist, Mkuu wa Barabara. Wazee wa Gulmirri. Nanyi watoto mliokalia boneti ya gari la mgeni, shukeni kwanza:

KARIBU

Sisi wanawake wachimbaji wa viazi mwitu wa Gulmirri tunakupokea kwa moyo mweupe. Tumefurahi kuona safari hii umevaa viatu vya matope.

TUNAVYOFAHAMIANA

Mwaka ule ulipokuja kupima kivuko, ungali fundi kijana, mvua kubwa ilikata njia ukakaa kwetu siku tisa. Makopo yako ya chakula yaliisha siku ya tatu. Marehemu mama yetu akakupokea kama mjukuu. Kwa hiyo sisi tunaokusomea ni mama zako, uwe mkuu usiwe.

Alikulisha viazi mwitu virefu vya kuchoma kwenye majivu, mayai ya bata bukini wa bwawani, na yale matunda madogo ya kijani uliyokula mpaka suruali ikakubana. Siku ya sita ukajiona mjuzi. Ukachimba peke yako kile kiazi cha mviringo chenye nywele, ukakichoma, ukakila bila kumwuliza mtu. Sisi kile tunakipika, tunakikwangua, tunakilaza kwenye maji yanayotiririka mpaka ukali utoke. Koo likawaka moto, ukakimbilia mtoni. Mama akakudaka ukosi wa shati ukingoni.

"Mjukuu wangu, umetoka kula au unakwenda kuliwa?"

Mamba alikuwa hapo hapo, katulia.

KAZI YETU

Wakati wa mvua tunawafundisha mabinti kufuata mmea unaotambaa, kuweka alama kabla majani hayajakauka, na kukata kiazi huku kichwa kikiachwa ardhini kiote tena. Mwaka huu wamehitimu kumi na wanne. Mmoja wao anamshinda shangazi yake, ila shangazi hajakubali.

TATIZO

Wapimaji wako walikuja kiangazi, majani yote yamekwisha. Wakaandika: "Eneo tupu, halitumiki." Wakapiga vigingi vya njano, lichimbwe hapo shimo la kokoto za barabara. Mwenzetu Joyleen aliwauliza, "Kaka zangu, chini mmeangalia?" Mmoja akajibu, "Dada, sisi tunapima juu."

Mgeni rasmi, eneo hilo tupu ndilo lililokushibisha.

MAOMBI

Barabara tunaitaka sana. Maji yakijaa, wagonjwa wetu hungoja ndege wiki nzima. Lakini kokoto zipo tele nyuma ya kilima, mahali ambapo hata nyasi zimekataa kuota. Tunaomba shimo lihamie huko. Na kabla hujatia saini, tutembee pamoja leo, baada ya chai.

Kuhusu vigingi: saba tumeving'oa. Hatukuvitupa, ni mali ya serikali. Vimo kwenye ndoo chini ya kiti chako. Ukiona ni lazima virudi, vipigilie kwa mkono wako mwenyewe. Sisi mama zako tutasimama kando tukuoneshe kila kimoja kinapita katikati ya kiazi cha nani.

Ardhi hii ikutambue, na mito ikupishe ufike nyumbani salama.

Ni sisi, Wanawake Wachimbaji wa Gulmirri.
Imesomwa na Verna, binti wa marehemu.