Kukhu Edah Navalayo na Jicho la Ngege Gizani

Kukhu Edah Navalayo, nyanya yetu, alizaliwa tarehe 12 Machi 1950 hapa Shianda, kifungua mimba wa marehemu Barnaba Were na Zipporah. Alisoma hapa nyumbani, akaenda Butere Girls, halafu Chuo Kikuu cha Nairobi. Alimaliza zoolojia mwaka wa 1974.

Wakati huo watu walikuwa wanang'oa mahindi wapande miwa. Babake alitaka aingie ofisi ya kiwanda cha sukari, Mumias. Yeye akasema anaenda Kisumu kusoma jicho la samaki. Mzee akashangaa: "Jicho? Si sisi tunakulanga tu?"

Kule maabara alikuwa anaweka samaki wa ngege gizani, anatoa jicho chini ya taa nyekundu hafifu, halafu anachoma seli moja na sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, aone umeme wake ukipanda na kushuka. Alitufundisha sisi wajukuu, tupende tusipende: seli za kushika mwanga zinaongea sana kukiwa giza. Mwanga ukifika, zinanyamaza. Seli jirani zao zinakusanya habari za huku na huku, zinaambia kila moja ishushe sauti, ndio samaki aone mahali jani limeishia na maji yameanzia. "Ni kama kwa mizani ya miwa," alikuwa anasema. "Wote wakipiga kelele, karani hasikii mtu."

Mwaka wa 1977 Masinde, fundi wa boila kiwandani, alienda Kisumu na lori kuchukua spea. Babake Kukhu akamtuma ampelekee obusuma, yaani ugali, na ingokho. Sasa kwetu, mtu amebeba chakula hangojangi mlangoni. Masinde akapiga hodi akiwa ameshaingia maabara, na jua lote nyuma yake.

"Toka! Umeharibu jicho!"

"Jicho gani, dada? Mimi nimeleta kuku."

Alifukuzwa. Akakaa nje kwa ngazi mpaka Kukhu akamaliza na jicho lingine, wakala kuku baridi. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alikuwa anagonga, anaambiwa "Ngoja kidogo," na anangoja. Walioana tarehe 9 Desemba 1978.

Guku Masinde, babu yetu, alituacha Mei 1996. Kukhu akarudi Shianda. Ukigonga mlango wake alikuwa anajibu haraka, "Ngoja kidogo." Tulijua hakuwa anatujibu sisi.

Mwaka wa 2015 presha ya macho ilimaliza kuona kwake. Hakuacha kututania. Grupu ya familia ilijaa voisi zake: "Nani ameweka picha? Mnanionea." Siku moja binti yake Awinja alimuuliza kama giza linamsumbua. Akasema, "Seli za mwanga bado ziko kazini, mama. Zinaongea tu. Waya wa kupeleka habari ndio umekatika." Akaongeza, "Hata mimi na Masinde, ni hivyo."

Mwezi wa saba mwaka huu moyo wake ulidhoofika, akalazwa Kakamega, akaomba arudishwe nyumbani. Ijumaa tarehe 9 Agosti 2024, asubuhi, mwanawe Bramwel alikuwa anamnywesha uji. Hakuna mtu aligonga. Kukhu akageukia mlango.

"Mfungulie," akasema. "Leo asingoje."

Bramwel alifungua. Jua likaingia mpaka kitandani. Kukhu akanyamaza.

Ameacha watoto wake Bramwel na Awinja, ndugu yake Osundwa, wajukuu saba, na kitukuu mmoja, Zipporah. Tunamlaza hapa kando ya Masinde.

Kukhu, hatutagonga tena. Pumzikeni kwa amani, nyinyi wawili.